Mtafiti Ana Mwili

Katika tasnifu zetu nyingi kuhusu ngoma, jando, unyago au nyimbo za kazi, sura ya tatu husomeka kana kwamba zote zimeandikwa na mtu mmoja. Mtafiti aliteua eneo, mtafiti aliwasaili watoataarifa, mtafiti alishuhudia. Data zikakusanywa, zikanukuliwa, zikachanganuliwa. Mtafiti huyo hana umri wala jinsia, hachoki, haoni haya, hakai upande wowote wa uwanja, hapewi chakula, na hakuna anayemkaripia. Kisha inakuja sura ya nne, imejaa maneno ya nyimbo na habari za mambo ambayo mtu hawezi kuyajua bila kuketi mahali fulani, karibu na mtu fulani, kwa ruhusa ya mtu fulani. Nimezisoma kazi za namna hii kwa muda mrefu, nyingi kwa faida kubwa, na naamini kimya hicho kinatupotezea ushahidi. Anayefanya utafiti wa kietnografia, yaani anayekwenda kuishi na watu ili ayajue maisha yao kwa karibu, anajua kwa miguu, mikono, ulimi na masikio yake. Mwili wake ni chombo cha kazi, na chombo kisichotajwa hakikaguliki. Hata hivyo nina sharti, na ndilo nitakalolitetea katika kurasa hizi: ushahidi wa mwili unastahili kupokelewa pale ambapo wenyeji wa jambo hilo, au kazi yenyewe, wamepata nafasi ya kuusahihisha. Alichokihisi mtafiti peke yake, pasipo wa kumwambia amekosea au amepatia, kinabaki kuwa habari zake binafsi.

Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss alitoa mhadhara mjini Paris mwaka 1934 kuhusu mbinu za mwili, na humo alisimulia jambo aliloliona katika Vita Kuu ya Kwanza. Wanajeshi wa Uingereza aliokuwa nao hawakuweza kuchimba kwa sepetu za Kifaransa. Divisheni ya Waingereza ilipopokea zamu kutoka kwa divisheni ya Wafaransa, ilibidi sepetu 8,000 zibadilishwe, na Wafaransa walipowapokea Waingereza ikawa hivyo hivyo. Mkono uliolelewa namna moja haukugeuzwa kwa amri ya afande. Mauss alikuwa akiwaonyesha wasikilizaji wake kwamba kutembea, kuogelea, kuchuchumaa na hata kulala ni mambo yanayofundishwa, na kwamba kila jamii ina mafundisho yake. Kama ni hivyo, sehemu kubwa ya maarifa ya jamii imehifadhiwa mahali ambapo hojaji haifiki. Mwenye maarifa hayo hawezi kuyasema, kwa sababu hakuyapokea kwa maneno.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Sierra Leone. Michael Jackson, mwanaanthropolojia kutoka New Zealand, alianza kuishi na Wakuranko wa kaskazini mwa nchi hiyo mwaka 1969, na katika makala ya mwaka 1983 alieleza jinsi alivyojifunza kuwasha moto. Kwa muda mrefu alikuwa akiuwasha apendavyo, bila kuufikiria. Kisha akaanza kufanya kama wanawake wa pale walivyofanya: mawe matatu, kuni ndefu zimepangwa ncha zikutane katikati, na kila zinapoungua zinasukumwa ndani polepole. Hapo ndipo alipoelewa kwamba namna ile huokoa kuni, ambazo hutafutwa kwa taabu, na humwezesha mpishi kuupandisha na kuushusha moto atakavyo. Msomaji aliyekua na jiko la mafiga atasema kwamba hilo analijua tangu utotoni. Naam, na nguvu ya mfano imo humo humo. Jambo ambalo kila binti wa kijiji alilijua halikuwa limeingia katika daftari la mgeni msomi, maana hakuna aliyeulizwa na hakuna ambaye angeona haja ya kulitaja. Lilimwingia pale alipoinama, akashika kuni kama walivyozishika, na moto wenyewe ukamwonyesha tofauti.

Ulimi nao hushuhudia. Paul Stoller, Mmarekani aliyefundishwa na waganga wa Kisonghay nchini Niger, ameandika habari ya mchuzi mbaya aliopikiwa akiwa mgeni katika boma la mwalimu wake. Mpishi alikuwa mke kijana wa mtoto wa mwenyeji. Alikuwa na kinyongo kuhusu fedha, na kwa nafasi yake katika nyumba ile hakuwa na ruhusa ya kusimama mbele ya wakubwa akalalamika, kwa hiyo akapika kinyongo chake na kukiandaa. Mtafiti aliyekuja na mkebe wake wa samaki angeikosa habari hiyo, na bila shaka angeandika kwamba wanawake wa pale hawana sauti. Kinachonifanya niukubali ushahidi huu ni kwamba Stoller hakuwa peke yake katika kuonja. Watu wa boma lile waliuonja mchuzi ule ule, wakanung'unika, wakajua umekusudiwa. Kama wao wangeusifu na yeye tu akakunja uso, tungekuwa na habari ya Mmarekani asiyezoea viungo vya Niger.

Huku pwani tuna sanaa nzima ambayo haisomeki bila mwili, nayo ni taarabu. Kelly Askew, ambaye kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania kilitokana na utafiti aliofanya Tanga, alilipa uzito mkubwa suala la kutunza. Anayekwenda ukumbini na kinasa sauti anarudi na maneno ya wimbo, na maneno hayo mara nyingi yametungwa yasimtaje mtu. Ujumbe wenyewe hutimia pale mama mmoja anaponyanyuka kitini ubeti fulani ukiimbwa, si ule uliotangulia wala utakaofuata, akaenda mbele kwa mwendo wa kucheza, noti imeinuliwa, na njiani akageuka kidogo kuelekea meza fulani kabla ya kumtunza mwimbaji. Meza ile imeelewa, na ukumbi mzima umeelewa. Asubuhi yake atakayemwuliza mama yule atajibiwa kwamba wimbo ulimpendeza tu, na jibu hilo haliwezi kupingwa. Ndiyo faida yake. Mtafiti aliyeketi nyuma karibu na spika amepata sauti safi na amekosa tukio. Anayejua wakati wa kunyanyuka, na aliyewahi kuvutwa shela na jirani yake aketi kwa kuwa wimbo huu si wake, anaweza kutuambia kitu ambacho kanda haina.

Nyimbo za unyago zimepata hasara kubwa zaidi. Zimekusanywa nyingi, zimepangwa kwa dhamira, zimechambuliwa kwa nadharia za ufeministi na simiotiki, na nyingi ya hizo zilinukuliwa kutoka kwa bibi aliyeketi barazani mchana akiziimba kwa kuombwa. Lakini kungwi hafundishi kwa maneno ya wimbo peke yake. Anafundisha kwa msondo, kwa kiuno, kwa kumshika mwali bega na kumrudisha pale alipokosea. Mstari unaoonekana mtupu katika kiambatisho unaweza kuwa ndio wenye somo lote, kwa kuwa unaimbwa mara ishirini wakati mwili unazoezwa jambo moja. Mtafiti anayetuambia kuwa nyimbo alizipata kwa usaili, nje ya ngoma, ametusaidia sana kuzipima. Anayeandika tu kuwa alitumia usaili na ushuhudiaji, bila kusema alishuhudia nini na akiwa wapi, ametuachia mzigo wa kubahatisha.

Mtu aliyelisukuma jambo hili mbali zaidi ni Loïc Wacquant. Mfaransa huyu, mwanafunzi wa mwanasosholojia Pierre Bourdieu, alikuwa akisoma Chicago, na mwaka 1988 aliingia katika ukumbi wa ndondi wa Woodlawn, kusini mwa jiji hilo, mtaa wa watu weusi uliokuwa umeachwa uchakae. Alitafuta mahali pa kuuangalia mtaa. Akaishia kuwa bondia. Alifanya mazoezi kwa karibu miaka mitatu chini ya kocha mzee aliyeitwa DeeDee Armour, na mwaka 1990 akapanda ulingoni katika mashindano ya Golden Gloves, akashindwa kwa pointi. Kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2000. Mtu anaweza kuuliza ngumi zote zile zilikuwa za nini, ikiwa mabondia wenyewe wapo na wanasema. Jibu limo katika alichokigundua. Wengi waliutazama ukumbi ule kama mahali pa kumwagia hasira za mtaani, lakini yeye aliukuta una nidhamu kama ya chuo cha dini: chakula, usingizi, mapenzi na maneno yote vina sheria, na kijana hujengwa taratibu, raundi moja baada ya nyingine, hadi macho yake yaione ngumi kabla akili haijaitaja. Alilijua hilo kwa kuwa alikosolewa kila siku na mtu aliyeijua kazi. Mguu ukikaa vibaya aliambiwa; mkono ukishuka, mwenzake wa mazoezi alimwonyesha mara hiyo hiyo. Katika utafiti ni mara chache kukuta usahihishaji wa haraka na wa kweli kiasi hicho. Mwanafunzi wa fundi seremala, wa mvuvi au wa msuka mikeka anao pia: ukili uliosukwa kwa miyaa isiyolingana upana huonekana kombo mbele ya kila mtu, na mwalimu huufumua bila hotuba.

Wakati mwingine hakuna kazi ya kuiga, na bado mwili umeingizwa. Jeanne Favret-Saada alikwenda magharibi mwa Ufaransa, katika vijiji vya Mayenne, mwaka 1969, akitaka kujua habari za uchawi. Wakulima walimwambia kwamba mambo hayo ni ya kale, ni ya wajinga, waulize wengine. Msomaji wa pwani hatahitaji kuelezwa sababu. Kulizungumza jambo la uchawi ni kujiweka ndani yake: ama umerogwa, ama unaroga, ama unaagua, na asiye yeyote kati ya hao hana sababu njema ya kuuliza. Watu walianza kusema naye walipomwona kuwa ameguswa. Baadhi walimdhania mwaguzi, wengine wakaona katika ajali na uchovu wake dalili za mtu aliyerogwa, na yeye akakubali kupelekwa kwa mwaguzi na kutendewa kama mgonjwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1977 hakudai kwamba aliamini kama wao, wala hakudai kwamba aliwahadaa. Anachosema ni kwamba nafasi ya mtazamaji haikuwapo. Hapa usahihishaji ulikwenda mbali kuliko kwenye ndondi, kwa sababu si yeye aliyejichagulia mahali. Wao ndio waliomweka, kwa kuusoma mwili wake kwa elimu yao.

Kuna pingamizi kadhaa, na la kwanza ni zito. Wengi husema kuwa kuuleta mwili wa mtafiti katika maandishi ni kumruhusu ajizungumzie yeye badala ya watu aliokwenda kuwajua. Wanaotoa hoja hii wana kielelezo. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, aliwashauri wenzake katika kitabu chake cha 1922 waweke kando kamera na daftari mara kwa mara na kujiunga na michezo na matembezi ya wenyeji. Shajara yake ilipochapishwa mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake, wasomaji walikutana na mtu mwingine: mwenye hofu ya maradhi, mwenye kumeza dawa bila kukoma, mwenye upweke na tamaa, na mwenye kuwataja wenyeji kwa maneno ya dharau. Baada ya hapo kikazuka kizazi cha watafiti waliojaza vitabu kwa mashaka yao. Bourdieu aliwapinga, na katika mhadhara alioutoa London mwaka 2000 alishikilia kwamba kinachohitaji kuchunguzwa ni nafasi ya mtafiti katika jamii na katika taaluma yake, wala si misukosuko ya moyo wake. Archie Mafeje, Mwafrika Kusini aliyewahi kuongoza Idara ya Sosholojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda kwenye mzizi: anthropolojia ilijengwa juu ya uhusiano wa kikoloni kati ya anayejua na anayejuliwa. Nami naongeza kwamba toba ya mwandishi mmoja, hata iwe nzuri namna gani, haiugusi uhusiano huo.

Nakubaliana nao wote wawili, na ndiyo sababu ya sharti nililoliweka mwanzoni. Shajara ya Malinowski haina wa kuisahihisha. Hakuna Mtrobriandi ndani yake anayemwambia kwamba amekaa vibaya, amekula vibaya, amesema neno lisilosemwa mbele ya mkwe. Ni mwili uliofungiwa hemani. Ukiiweka kando ya kitabu cha Wacquant unaona kwamba vyote viwili vinasema "mimi" kwa wingi, lakini katika kimoja yupo mwalimu na katika kingine hayupo. Maswali ya kuuliza basi yanajitokeza yenyewe: nani alimfundisha, alimkemea kwa nini, alikataa kumwonyesha nini, na baada ya hapo mtafiti alibadili nini katika anachokidai? Mwandishi anayejibu hayo anawaongezea nafasi wenyeji katika maandishi, maana wao ndio wanaoonekana wakifanya kazi ya kufundisha na kuamua.

Pingamizi la pili linahusu uthibitisho. Mwili wangu si wako. Nikisema nilielewa kwa kuhisi, utanipimaje? Mfano mgumu kuliko yote ninaoujua ni wa Renato Rosaldo. Wailongot wa kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, walimwambia tena na tena kwamba mwanamume aliyefiwa hukata kichwa cha mtu kwa sababu msiba huleta ghadhabu, na kukitupa kichwa kile humwezesha kuitupa ghadhabu nayo. Kwa miaka mingi aliliona jibu hilo kuwa jepesi mno, akatafuta nadharia nyuma yake. Mwaka 1981 mkewe, Michelle, mwanaanthropolojia mwenzake, aliteleza kutoka kwenye genge huko Ifugao akafa. Katika insha aliyoichapisha mwaka 1984 Rosaldo alieleza kwamba alikutana na ghadhabu ndani ya msiba wake, na kwamba tangu hapo aliweza kuyasikia maneno ya Wailongot kama walivyoyasema. Wapo waliosema kwamba amewavika Wailongot huzuni ya profesa wa Marekani. Sidhani. Yeye mwenyewe anaonya kwamba msiba wake na wao si kitu kimoja, na kwamba ghadhabu yake haikuwa na desturi kama yao ya kuipokea na kuielekeza. Zaidi ya hayo, ushahidi ulikwisha kutolewa zamani, na watu wenye haki ya kuutoa. Msiba haukumpa data mpya hata moja. Ulimwondolea kiburi cha kudhani kwamba alichoambiwa hakikutosha. Katika hali hiyo anayetaka kumpima anaweza kurudi kwenye maneno ya Wailongot, ambayo yapo. Hapo ndipo mpaka ulipo kwangu. Mtafiti akitumia alichohisi kama dalili ya kurudi kusikiliza upya, anapimika. Akikitumia badala ya kusikiliza, hapimiki.

Pingamizi la tatu tunalisikia sana nyumbani: hayo yote ni matatizo ya wageni, sisi tunaochunguza kwetu tumezaliwa na mwili huo. Jomo Kenyatta alilisimamia jambo hili kwa fahari. Alikuwa mwanafunzi wa Malinowski London, na katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wakikuyu aliandika kama mtu aliyepita tohara na rika, aliyejua kwa kupitia. Picha iliyowekwa mwanzoni mwa kitabu inamwonyesha amevaa joho, anaijaribu ncha ya mkuki kwa kidole. Mwili ule ulitumwa kutangaza mamlaka ya mwandishi kabla hajasema neno. Katika miaka ile, ambapo Mwafrika aliandikwa bila kuulizwa, lilikuwa tendo la ujasiri na ninaliheshimu. Hata hivyo kitabu hicho hicho kinaeleza kwa kina tohara ya wasichana na kuitetea, na kiini cha sherehe ile ni cha wanawake. Mwili wa Kenyatta haukuweza kuwa shahidi pale. Kuzaliwa Mkikuyu kulimfikisha mlangoni, na mlango ulikuwa wa jinsia nyingine. Kila jamii ina milango ya namna hiyo ndani kwa ndani, ya umri, ya ndoa, ya uzazi, ya ukoo, na mwenyeji anayedhani hana haja ya kusema alisimama wapi huwaficha wale ambao hawakupata kusema. Mkenya mwingine, Mwenda Ntarangwi, aliyewahi kuchunguza nyimbo za Waswahili wa Mombasa, alikigeuza kioo katika kitabu chake cha mwaka 2010 akawachunguza wanaanthropolojia wa Marekani madarasani na mikutanoni mwao, yeye akiwa mwanafunzi na kisha mwalimu Mwafrika kati yao. Ubora wa kazi ile unatokana na kutotangaza kwamba ugeni au uenyeji peke yake unatosha.

Isitoshe, mwili haukai mmoja. Pat Caplan alifika kaskazini mwa kisiwa cha Mafia mwaka 1965 akiwa mwanafunzi kijana, akauliza habari za ukoo na ardhi. Alirudi mwaka 1976, akarudi tena 1985, na katika makala iliyotoka mwaka 1993 alieleza jinsi maswali yake yalivyobadilika kadiri maisha yake na fikra za utetezi wa wanawake zilivyobadilika. Safari ya 1985 ilikuwa ya kuchunguza chakula, afya na uzazi. Hakuna aliyeziharibu data za 1965. Ila tunajua sasa kwamba zilikusanywa na msichana, na mwanakijiji yeyote angekwambia kwamba msichana haambiwi anayoambiwa mtu mzima.

Inaniuma kwamba wengine waliadhibiwa kwa kufanya mapema yale ambayo baadaye yalisifiwa. Zora Neale Hurston, mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Franz Boas, alipitia ibada za kuingizwa katika uganga wa watu weusi wa New Orleans na kuziandika katika kitabu cha mwaka 1935. Katherine Dunham alikwenda Haiti mwaka huo huo akacheza ngoma za vodou na kuingizwa katika ibada yake. Wote wawili walikuwa wanawake weusi, na taaluma ikawapeleka mmoja kwenye rafu ya fasihi na mwingine kwenye jukwaa la dansi, kana kwamba mwili uliojua hauwezi kuwa na akili iliyochunguza. Miaka mingi baadaye mwanamume kutoka vyuo vikubwa alivaa glovu, na jambo likapewa jina la nadharia. Sisemi hivi kumpunguzia Wacquant stahili yake. Nasema ili tuangalie ni miili ya nani inayosamehewa kuwapo. Mtafiti wa kike hana hiari katika jambo hili: ataulizwa ameolewa na nani, amevaa nini, analala wapi, na hatari ya kuingiliwa kwa nguvu ni ya kweli. Kitabu kiitwacho Taboo, kilichohaririwa na Don Kulick na Margaret Willson mwaka 1995, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kulisema hilo waziwazi, pamoja na ushuhuda wa mtafiti aliyebakwa uwandani. Walimu wanaowatuma wasichana wa shahada ya uzamili vijijini na fomu ya usaili peke yake wanapaswa kukisoma.

Kuna pia deni. Anayefundishwa kwa mwili hupokea vitu ambavyo kibali cha utafiti hakivitaji. Kibali cha COSTECH, tume inayotoa vibali vya utafiti nchini Tanzania, kinakuruhusu kuingia wilayani. Hakikwambii kungwi amekuamini kiasi gani. Binti aliyechezwa unyago, kisha akarudi kama mtafiti, anajua mambo ambayo aliyapokea kwa ahadi ya kutoyatoa. Hoja yangu ya kutaka mwili utajwe haimlazimishi ayatoe. Anaweza kuandika kwamba hapa najua na siandiki, na kwamba waliomkataza ni makungwi wake. Sentensi hiyo ni matokeo kamili ya utafiti, kwani inatuonyesha mahali ambapo jamii yenyewe imeweka uzio. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960 na kuandika kuhusu ibada zao, alitoka hapo akawa mmoja wa waanzilishi wa utafiti shirikishi nchini Tanzania, na mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo ukafuata katika muongo wa 1970. Alikuwa akiuliza utafiti unawafaa nini waliochunguzwa, na anayekaa na watu mpaka wamfundishe hawezi kulikwepa swali hilo.

Mwisho kuna miili ambayo hata vitabu vinavyojitazama sana huisahau. Monica na Godfrey Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938, na kazi yao ni nguzo ya anthropolojia ya Tanganyika. Pamoja nao alikuwapo Leonard Mwaisumo, karani na msaidizi wao, ambaye mchango wake ulichukua miongo mingi kuandikiwa ipasavyo. Siku hizi akina Mwaisumo wapo kwa mamia. Ni vijana wanaolipwa kwa siku, wanaobeba kishikwambi kutoka nyumba hadi nyumba, wanaotafsiri kutoka Kigogo au Kimakonde kwenda Kiswahili, na Kiswahili kwenda lugha ya ripoti; wanaosikiliza habari za kipigo na vifo vya watoto wachanga kisha wanapaswa kugusa kisanduku na kuendelea na swali la 47. Ndio walioketi kwenye mkeka. Ndio walioona mikono ya mama ilipotetemeka, na mume alipopita dirishani jibu likabadilika. Halafu mradi ukifungwa wao hubaki wilaya ile ile, wakikutana sokoni na watu waliowahoji. Kama tunakubali kwamba mwili ulioketi pale ni chombo cha utafiti, basi sura ya tatu ya profesa haijakamilika mpaka iwe na kurasa ambazo wasaidizi hao wameziandika wenyewe, kwa majina yao wakitaka, kuhusu walichokiona, walichokataliwa, na maswali waliyoyaruka kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa ameanza kulia.